Miaka Mitatu ya Lucia

Siku za wageni Kornelia hakunywa chai asubuhi. Alifagia chumba, akatoa nje ndoo na madumu ili watu sita wapate pa kukaa, akajifunga kanga safi, kisha akakaa kitandani kungoja. Mumewe, Hhando, hakungoja. Akisikia tu kwamba wageni wanakuja, alichukua koti lake hata kama jua lilikuwa kali.

"Unakwenda wapi?" Kornelia alimuuliza.

"Natembea."

"Kutembea wapi?"

"Mji mdogo huu, mke wangu. Nitakuwa mahali fulani."

Walikuwa wamesemezana hivyo kwa miaka minne, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na nguvu ya kuanza maneno mengine.

Wageni walikuja Katesh kwa ajili ya mlima. Walipanda Hanang, wakashuka na magoti yanayouma, na siku waliyopumzika Didas aliwachukua kuwazungusha mjini. Aliyaita matembezi ya mafunzo. Didas alikuwa mtu wa Bukoba, mwalimu aliyepangiwa kazi huku wakati mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha, na alipoacha chaki hakurudi kwao. Alianzisha kikundi na kukodi chumba kimoja jirani na stendi. Aliwapitisha wageni nyuma ya machinjio, akawaonyesha vilabu vya pombe ambako wasichana wadogo walikuwa wakiosha vyombo kutwa nzima, akawapeleka kwenye machimbo ya kokoto ambako akina mama na watoto walikaa juani na nyundo, kila mmoja na rundo lake la mawe. Mwisho aliwaleta kwa Kornelia.

Hapo Kornelia alisema na Didas akafasiri. Alikuwa na binti, jina lake Lucia. Ukame ulipowatoa kijijini Mogitu walihamia mjini, wakaanza kugonga kokoto. Mtoto naye aligonga. Siku moja ya mwezi wa nane, mwaka 2006, ukingo wa shimo ulimwangukia. Alikuwa na miaka tisa.

Hapo alinyamaza kidogo, kwa sababu Didas alikuwa amemfundisha kunyamaza hapo. Kulikuwa na mgeni aliyelia karibu kila mara. Kornelia mwenyewe hakulia. Alimwangalia anayelia kama unavyomwangalia mtu aliyefiwa katika mtaa usioujua.

Lucia hakuwa na miaka tisa. Alikufa akiwa na miaka kumi na miwili na miezi mitano.

Siku Didas alipokuja mara ya kwanza kuomba hadithi hiyo, Kornelia alimwambia umri wa kweli. Didas aliandika, akakuna kichwa.

"Mama Lucia, kumi na mbili kwa hawa wenzetu si mtoto sana. Mmoja aliniambia kwao mtoto wa umri huo anapeleka magazeti nyumba kwa nyumba na baiskeli, na wazazi wanamsifu. Ukisema kumi na mbili watatikisa kichwa, basi. Tuseme tisa. Hatumsingizii mtu. Aliyekufa amekufa, ila walio hai tutawatoa mle shimoni."

Alidhani atabembeleza siku nzima. Kornelia alikubali hapohapo, akasema, "Andika tisa," akarudi kwenye maharage yake. Didas alishangaa kidogo, na hakuuliza.

Naye hakudanganya kuhusu walio hai. Kwa michango ya wageni, watoto kumi na saba walitoka machimboni wakavaa sare, na wengine walikuwa wanakaribia kumaliza darasa la saba. Kornelia aliwaona asubuhi wakipita na madaftari chini ya kwapa. Walimwamkia, "Shikamoo, mama Lucia," naye akaitikia "Marahaba," akijua kwamba mwanawe mwenye miaka tisa ndiye aliyewanunulia zile soksi.

*

Ilikuwa Jumanne Perpetua alipokuja mbio. Perpetua alikaa chumba cha pili, mjane mwenye mdomo, ambaye bado aligonga kokoto na hakuwa ameacha hata siku moja.

"Mama Lucia, unaitwa na fundi Wolfgang. Anasema uje uone kabla hajapaka rangi."

"Kupaka rangi nini?"

"Msalaba wako. Hujui? Yule bibi Mjerumani wa mwaka jana, yule mwalimu mstaafu aliyelia mpaka akaishiwa leso, amechanga na wanafunzi wake wa zamani. Msalaba wa sementi. Mkubwa! Mimi nikifa mtanifunika na debe la kokoto, lakini wewe una wafadhili."

"Nyamaza, Perpetua."

"Nanyamaza. Ila huo msalaba ni mzuri."

Karakana ya Wolfgang ilikuwa kando ya barabara ya Singida, kati ya wauza mbao na mashine ya kusaga. Alitengeneza matofali, masinki ya choo na misalaba. Wageni waliopita na Didas walipenda kumuuliza kama baba yake alikuwa Mjerumani. Aliwajibu kwa Kiswahili cha taratibu kwamba baba yake alikuwa Mwiraqw wa Tumati mwenye ng'ombe wanne. Mjerumani alikuwa padri tu, na padri ndiye aliyekuwa na maji ya ubatizo.

"Karibu, shemeji," alisema. Aliondoa gunia lililolowa maji. "Uuangalie vizuri. Sementi hii ikishashika, imeshika."

Msalaba ulilala chali juu ya mchanga. Herufi zilikuwa nzuri, zimenyooka, kila moja ikiwa na kivuli chake. LUCIA HHANDO. Chini yake, 1997 – 2006.

Kornelia alisoma mara ya kwanza, akasoma tena. Aliinama akaweka kidole ndani ya saba. Ilikuwa baridi na tayari ngumu.

"Wolfgang, hii si sawa."

"Najua si sawa."

"Unajua?"

"Shemeji, Eva wangu na Lucia wako walipokea komunyo ya kwanza siku moja, foleni moja, wa kwetu mbele wa kwako nyuma. Mwaka 2004. Kama Lucia alizaliwa tisini na saba, basi alipokea komunyo akiwa na miaka saba, na padri wetu yule asingempa hata mtakatifu akiwa na miaka saba." Alijaribu kucheka, akaacha. "Eva sasa ana mtoto anayetambaa."

"Kwa nini basi uliandika?"

Wolfgang alichomoa karatasi mfukoni mwa shati, akaikunjua. Ilikuwa na jina, miaka, na mhuri wa bluu wa kikundi.

"Karatasi ina mhuri," alisema. "Mtu akiniambia kwa mdomo, nabishana naye. Karatasi yenye mhuri nabishana nayo vipi? Nikasema labda serikalini mliandikisha hivyo, kwa mambo yenu ya shule. Watu wengi wamepunguza miaka. Mimi mwenyewe kwenye kitambulisho ni mdogo kuliko mdogo wangu."

Kornelia alikuwa bado ameinama. Kwa miaka minne alikuwa ametamka ile tisa kwa mdomo, na mdomo ni upepo, ukifunga imekwisha. Sasa ilikuwa imelala pale, nzito, ya kubebwa na wanaume wanne, ikingoja kusimikwa juu ya kichwa cha mtoto.

"Ikishasimikwa," alisema, "mtu atakayepita pale baada yetu atasoma hivi."

"Ndivyo msalaba ulivyo, shemeji."

*

Aliondoka bila kuaga vizuri. Njiani alijaribu kufanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu, kumkumbuka Lucia mwenye miaka kumi. Hakumpata. Alijaribu wa kumi na moja, hakumpata. Kila alipomtafuta alikuja yule wa hadithi, mdogo, mnyonge, asiyesema neno, na nyundo inayomzidi uzito. Yule Kornelia alimjua kwa moyo. Yule alikuwa na mahali pa kunyamaza.

Walihamia Katesh mwaka Lucia alipotimiza miaka tisa. Kwa hesabu ya Didas mtoto alifika mjini na kufa mwaka huohuo. Yote aliyoyaishi katikati, miaka mitatu mizima, hakuna aliyekuwa ameyataja tena.

Naye Kornelia alijua kwa nini alikubali upesi siku ile. Hakuwa amemwambia mtu. Mtoto wa miaka tisa hajibu. Ukimwambia shika nyundo, anashika. Lucia wa miaka kumi na miwili alijibu. Asubuhi ile alisema, "Mama, leo siendi. Jumatatu nina mtihani, nataka kusoma." Na Kornelia, aliyekuwa na homa na lori likija saa tisa kuchukua kokoto, alimwambia, "Madaftari hayo utayala? Toka." Lucia alitoka. Alitoka kwa hasira, amevuta midomo, hakufunga mlango. Huyo ndiye ambaye Kornelia alimzika mara mbili, mara ya kwanza kwa jembe, mara ya pili kwa neno tisa.

*

Ofisini alimkuta Didas anaandika majina ya wageni ubaoni. Alimsikiliza amesimama, chaki mkononi, kama mwalimu aliyekatizwa.

"Mama Lucia, wanafika Ijumaa. Jumamosi tunakwenda Mogitu kusimika. Bibi anakuja kutoka kwao kwa ajili ya siku hiyo tu."

"Basi fundi afute saba, aandike nne."

"Na bibi akiuliza kwa nini tulimwambia tisa?"

"Mwambie ukweli."

Didas aliketi. Uso wake ulikuwa umechoka. Alikuwa amezeeka katika kazi hii, suruali ilikuwa imemlegea kiunoni.

"Nikimwambia tulimdanganya miaka ya marehemu, ataamini nini kingine? Ataamini kwamba wale kumi na saba wapo? Ataamini kwamba machimbo yapo? Hawa watu wakidanganywa kidogo wanaondoka kabisa. Mimi si mwizi, mama. Unanijua."

"Nakujua."

"Wewe mwenyewe ulisema andika tisa."

"Nilisema."

"Sasa nini kimebadilika?"

Kornelia alitaka kumwambia kuhusu kidole chake ndani ya sementi, lakini aliona neno hilo halitaingia katika chumba kile.

"Nimemkosa," alisema mwishowe. "Nilikuwa nakuja hapa namtafuta njiani, sijamwona."

Didas alimtazama, halafu akatazama majina ubaoni. "Tuvuke Jumamosi," alisema kwa sauti ya chini. "Tukishavuka, tutaongea."

*

Jumamosi gari la wageni lilifika Mogitu saa nne. Kaburi lilikuwa nyuma ya boma la kaka yake Hhando, kando ya shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na mlima ulikuwa umevaa wingu mpaka kifuani. Ndugu walikuja, majirani walikuja, na wazee walikalia mabenchi yaliyoazimwa kigangoni. Hata Perpetua alikuja, akipanda gari la wageni bila kualikwa. Hhando alikuwepo pia, kwa sababu mtu hawezi kukimbia boma la kwao. Alisimama mwisho kabisa, karibu na zizi, koti mabegani.

Wolfgang na wenzake walikuwa wamekwisha kuchimba. Msalaba ulisimama umeegemezwa kwenye mti mfupi, umepakwa rangi nyeupe, na namba zake nyeusi. Shangazi mmoja aliusoma kwa kidole, akageuka akamnong'oneza mwenzake, mwenzake akasoma, akamtazama Kornelia. Walijua wote. Mogitu nzima ilijua Lucia alizaliwa mwaka gani. Wanawake watatu pale walikuwa ndani ya nyumba siku alipozaliwa. Lakini kulikuwa na wageni, na mbele ya wageni watu wa huku hawaaibishani.

Yule bibi Mjerumani alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya majani. Alimshika Kornelia mikono yote miwili na hakuiachia.

"Anaomba uwasimulie hawa vijana," Didas alisema. "Kidogo tu. Kama siku zote."

Kornelia alianza kama siku zote. Jina lake Lucia. Ukame ulitutoa hapa. Didas alifasiri, sauti yake ikiwa imezoea njia kama punda. Walifika kwenye ukingo wa shimo. Kornelia alisema, "Alikuwa na miaka kumi na miwili."

Didas alifasiri. Kornelia hakujua Kiingereza, lakini namba alizijua, alifundishwa shuleni. Alisikia tisa.

"Didas," alisema. "Nimesema kumi na mbili."

"Mama Lucia, tafadhali."

Basi aliitoa mikono yake katika mikono ya yule bibi. Alimwonyesha vidole kumi. Kisha akafunga, akamwonyesha viwili.

Bibi alimtazama Didas. Didas alitazama viatu vyake, vilivyokuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kamba. Kijana mmoja wa wageni aliyekuwa anapiga picha aliteremsha kamera.

"Mfasirie," Kornelia alisema. "Mwambie nilikubali mimi. Mwambie hukunilazimisha. Mtoto wa miaka tisa ni rahisi kumsimulia, kwa sababu hajibu. Wangu alijibu. Alisema ana mtihani. Mimi nikamwambia toka. Mwambie hivyo kwanza, mengine yafuate."

Didas alivuta pumzi. Alianza polepole, akasimama, akaanza tena, na safari hii sauti haikujua njia. Kornelia aliisikia kumi na mbili ikipita. Alijua alipofika kwenye mtihani, kwa sababu bibi alifunga macho. Hakulia kama mwaka jana. Uso wake ulikauka, ukawa kama uso wa mwalimu yeyote aliyeletewa daftari lenye makosa na hajui aanze kusahihisha wapi. Aliuliza jambo moja, kwa ukali.

"Anauliza," Didas alisema, "na watoto wengine? Wale kumi na saba?"

Perpetua alijibu kabla ya mtu yeyote. "Wapo! Wawili ni wa kwangu. Mwambie aje Jumatatu shuleni awahesabu mmoja mmoja, awavute na masikio aone kama ni watu."

Didas alifasiri hilo pia. Bibi hakutabasamu. Alikwenda akasimama mbele ya msalaba muda mrefu, kisha akamwambia Didas maneno machache na kurudi kukaa ndani ya gari. Vijana walimfuata mmoja mmoja. Chakula kilichopikwa hawakukigusa, ingawa shangazi aliwapelekea sahani mpaka mlangoni.

"Amesema nini?" Kornelia aliuliza.

"Amesema msalaba ni wako. Kuhusu mimi atafikiri." Didas alijipangusa uso. "Sijui kama watarudi, mama Lucia. Sitaki kukudanganya."

"Najua."

"Wageni wa Alhamisi nitawaambia nini?"

"Mimi sitakuwepo Alhamisi, mwalimu. Wapeleke machimboni. Kaeni pale mpaka jua liwachome. Anayegonga atasema mwenyewe kama anataka."

Didas aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, akaenda garini. Hakuwa na hasira. Kornelia angependa awe na hasira.

Wolfgang aliusogelea msalaba na patasi. Alipiga kwa kipini juu ya saba, mara mbili, akasikiliza.

"Nitaichimba yote, nijaze upya, nichonge nne. Kovu litabaki."

"Libaki."

"Ni kazi ya siku mbili. Na sisimiki leo."

"Usisimike."

Watu walikwenda kula. Kornelia alibaki ameketi juu ya udongo uliochimbuliwa, miguu imenyooshwa mbele kama mwanamke aliyerudi shambani. Hakuhisi wepesi wowote. Aliwafikiria wale wenye sare, na huyo bibi ndani ya gari, na hakujua kama amefanya vema. Kilichokuwepo ni uchovu tu, ila ulikuwa uchovu wake mwenyewe.

Hhando alikuja kutoka zizini. Alikaa kando yake, akavua koti, akaliweka magotini. Tangu mazishi hakuwa amelitaja jina la mtoto, hata mara moja, na Kornelia hakuwa amemuuliza.

"Alikwenda na mimi Tumati," Hhando alisema. "Kwa dada yangu. Alikuwa na miaka kumi na moja."

"Kumi."

"Kumi na moja. Ilikuwa baada ya mvua kubwa, ile ya lori kuzama. Tulitembea kutoka barabarani. Aliniuliza njia nzima kama ng'ombe wanajua wanapouzwa. Nilimwambia hawajui. Akasema basi mbona wanageuka nyuma."

Kornelia alimgeukia. "Hukuniambia hilo."

"Hukuwa ukiuliza."

"Na alivaa nini?"

Hhando alifikiri. "Lile gauni la kijani."

"Gauni la kijani lilikuwa la Perpetua, tulilirudisha Pasaka. Asingeweza kulivaa Tumati."

"Lilikuwa la kijani, Kornelia. Nilitembea nyuma yake maili tano."

"Basi haikuwa baada ya mvua."

"Ilikuwa baada ya mvua," Hhando alisema, akaanza kumhesabia miezi kwa vidole, na Kornelia akamshika mkono kumzuia, akimwambia kwamba anakosea, aanzie Krismasi.